Mkunga na Simu Iliyochelewa Kuamka

Asubuhi hiyo mkunga wa mtaa hakutulia. Alifagia chumba, akafagia tena palepale. Alichemsha chai, ikapoa bila kuguswa. Macho yake yalikuwa kwenye simu iliyolala mezani. Kwenye skrini, duara dogo lilizunguka tu.

Alipoamka aliiruhusu simu ipokee toleo jipya la mfumo wake. Alidhani ni jambo la kufumba na kufumbua. Kumbe siku hiyo ndiyo aliyokuwa akingoja kuitwa! Mke wa seremala, mimba ya kwanza, uchungu ulikuwa ukimnyemelea tangu jana.

"Amka basi!" alifoka. Akabana kitufe mpaka simu ikazima. Akaiwasha. Duara lilelile. Akabana tena.

Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa akitengeneza simu za watu kwenye kibanda cha mbele ya nyumba. Aliposikia makelele, akaingia.

"Mama, usiizime! Kila ukiizima, inaanza upya safari yote."

"Na mtoto wa watu akinikosa? Toa laini, tuiweke kwenye simu yako!"

"Wao hukupigia kwa mtandao, Mama. Programu ile na namba zao zimo humuhumu." Akaichomeka simu kwenye chaji.

Mkunga akaketi, akasimama. Roho ilikuwa juu.

"Inafanya nini huko ndani? Inajipodoa?"

Mkwewe akacheka. "Ukiiwasha, ya kwanza kuamka ni programu ndogo sana. Hiyo haijui hata kupiga simu. Inakagua vifaa tu, na kuhakikisha mfumo haujachezewa. Kisha inaamsha kiini cha mfumo. Kiini ndicho msimamizi: wewe kumbukumbu, wewe betri, wewe skrini, kila mtu kazini! Halafu zinaamka huduma, kama sauti na mtandao. Mwisho kabisa ndipo unaona picha zako. Na leo mfumo ni mpya, kwa hiyo inazipanga upya programu zote. Ukiikatiza inapoandika, huenda isiamke tena."

"Kwa hiyo nikae tu?"

"Mama, wewe huwaambiaje wanaotaka kusukuma kabla ya wakati?"

Kweli, mganga hajigangi. Mkunga aliona haya. Akaketi, akaikalia mikono yake isije ikakifuata kile kitufe.

Duara likazunguka. Gari likapita nje, akashtuka. Duara likazunguka. Mara skrini ikang'aa, picha ya wajukuu ikatokea, na kabla hajashukuru simu ikalia.

"Mama Mkunga!" Seremala alikuwa akihema. "Tumekutafuta wee, hupatikani! Tuko njiani kwenda kliniki. Anataka kusukuma!"

"Mwambie bado. Apumue polepole. Nakuja!"

Alitoka mbio, kiatu kimoja hakijafungwa.

Jioni alirudi hoi, lakini uso umechangamka. Mtoto wa kike, mzima. Na mama yake mzima.

Tangu siku hiyo, toleo jipya likija, mkunga hulipokea siku ya mapumziko. Kwanza huwapa wajawazito wake namba ya mkwewe. Kisha huichomeka simu kwenye chaji, huvuta kiti, na kuikalia mikono yake.