Likelemba ya Meno

Esperance alikula bugali kwa upande wa kushoto tu. Upande wa kulia aliufunga, kama duka la mtu aliyesafiri. Jino moja la nyuma lilikuwa limetoboka tangu kiangazi. Akinywa maji ya baridi, anaruka. Akinywa chai ya moto, anaruka tena. Basi alijifunza kutafuna polepole, na kutabasamu kila mumewe alipomtazama.

"Mama Séphora, unakula kama mugeni," Nshombo, mumewe, alimwambia jioni moja.

"Niko muzuri. Kazi tu imenichokesha."

Hakuwa mzima. Alikuwa anaogopa.

Zamani kwenye kambi ya wakimbizi, kabla familia haijaletwa Louisville, shangazi yake alivimba taya. Watu walisema ni jino tu. Esperance, wakati huo msichana, ndiye aliyemkanda kwa maji ya uvuguvugu. Wiki ile ile wakamzika. Tangu hapo maneno "jino tu" yalimtia baridi mgongoni. Na huku Marekani hofu hiyo ilipata mwenzake, naye jina lake ni bili. Esperance hakujua kipi kitamuua mapema, jino au bili yake.

Ilikuwa Novemba 2015. Esperance alikuwa akipanga viatu katika maboksi kwenye ghala kubwa. Wiki ile bosi aliwaambia wafanyakazi wachague bima za mwaka mpya. Bima ya mwili Esperance alikuwa nayo tayari.

"Na ya meno, unataka au hutaki?" bosi aliuliza. "Mwisho ni Ijumaa."

Esperance alisema atafikiri. Kufikiri kwa watu wetu wa Kongo ni kupiga simu. Kwanza alimpigia Zihindula, mtoto wa baba yake mkubwa, aliyeishi Columbus.

"Usijaribu!" Zihindula alipaza sauti. "Weye unajua likelemba, hapana?"

Nani asiyejua likelemba? Kanisani kwao akina mama kumi na zaidi walikuwa wakichanga pesa. Kila mwezi wote wanatoa, na mmoja anakula zote. Mwezi mwingine anakula mwingine, mpaka kila mtu apate zamu yake.

"Donc, basi, miye nililipa bima ya meno miaka mbili," Zihindula aliendelea. "Nikangoja zamu yangu. Zamu haikufika. Sikukula hata kitu! Nikaacha. Ile ni bwizi."

"Hata kwa daktari hukuendaka?"

"Kufanya nini, na hakuna kyenye kiliniuma? Kwenda kwa daktari na uko muzima ni kujitafutia ugonjwa."

Kisha alimpigia mdogo wake Chimène, aliyeishi Buffalo, mtaa wa Lower West Side.

"Kulipa ya nini, yaya?" Chimène alicheka, akimwita yaya, yaani mkubwa wake. "Miye ninaonyesha kadi ya matibabu ya serikali tu. Banasafisha, banaziba, ninarudi nyumba. Weye nenda na kadi yako."

Esperance akafurahi. Alipiga simu kwa daktari wa meno na kusoma namba za kadi yake ya bima. Dada aliyepokea akamjibu taratibu kwamba kadi hiyo ni ya mwili. Meno hayamo. Esperance alikata simu bila kuaga. Alikaa jikoni akiwa ameshika shavu. Kwa Nshombo hakusema neno.

Alhamisi asubuhi aliamka na shavu limejaa. Séphora, binti yake, alipomwona alipiga kelele na kumkimbilia baba yake, akisema kwa Kiingereza kwamba uso wa mama umeharibika. Nshombo alitaka kuangalia. Esperance alijifunga kitenge kichwani hadi chini ya kidevu na kutoka nje haraka, eti anachelewa kazini.

Kwenye maegesho ya magari alikutana na jirani yao, Generoza. Huyu ni Mtanzania wa Bukoba. Alifanya kazi kwenye kliniki ya meno, akimsaidia daktari.

"Mama Séphora, habari za asubuhi? Na hicho kitenge leo kinaficha nini?"

"Haiko kitu, dada. Ni jino tu."

Aliposikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake mwenyewe, Esperance aliangua kilio. Generoza aliweka mkoba wake chini. Hakumbembeleza kwanza. Alimtazama shingoni, akamgusa paji la uso.

"Meza mate. Yanapita?"

"Yanapita."

"Fungua mdomo. Zaidi. Unapumua bila shida?"

"Ndiyo. Dada, shangazi yangu alikufa na hii kitu. Na miye nitakufa?"

"Hufi leo, ukitibiwa leo," Generoza alisema. "Lakini nisikilize vizuri. Usaha ukishuka shingoni, mtu akashindwa kumeza au kupumua, huyo hasubiri kliniki. Anakwenda hospitali, kwenye chumba cha dharura, saa hiyo hiyo. Wewe hujafika huko. Ingia kwenye gari langu."

"Na bili?"

"Kliniki yetu inatoza watu kulingana na kipato. Utaniambia mambo ya bili baadaye. Ingia!"

Njiani Esperance alimpigia Nshombo na kumweleza yote. Nshombo akasema, "Kumbe ulikuwa unaogopa peke yako."

Kile kiti cha daktari wa meno! Kinakulaza chali, taa usoni, na mtu amefunika mdomo wake anaushughulikia wa kwako. Esperance alishika mikono ya kiti mpaka vidole vikamuuma. Mkalimani alizungumza kwa simu. Daktari alipiga picha ya jino, akaliangalia, akatikisa kichwa. Lingeweza kuzibwa wakati wa kiangazi, tundu likiwa dogo. Sasa lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi, na kulitoa ndiyo njia.

Sindano ya ganzi ilimtoa machozi. Baada ya hapo alisikia kusukumwa tu, na mlio mmoja mbaya ambao hataki kuusimulia. Jino likatoka. Esperance aliambiwa anywe dawa za kuua vijidudu mpaka ziishe zote, hata kama atajisikia mzima katikati.

Jioni Generoza alikuja kumjulia hali. Nshombo alimpa chai, naye hakuzunguka.

"Dada, kesho ndiyo mwisho wa kuchagua. Tulipe bima ya meno ao tusilipe? Wa Columbus anasema ni bwizi. Wa Buffalo anasema ni ya bure, na kadi ya serikali."

Generoza alicheka. "Kila mmoja kasema la kwake. Wa Buffalo ana kadi ya serikali, na kila jimbo lina sheria zake za meno. Ya Buffalo hayahamii Louisville. Watoto wenu je, wana kadi gani?"

"Ya serikali."

"Ya watoto ina meno ndani yake. Basi msiwalipie mara mbili. Wapelekeni tu."

"Na Yaya Zihindula, mwenye alingoja zamu miaka mbili na kwa daktari hakuendaka?" Esperance aliuliza, pamba ikiwa shavuni.

"Huyo alicheza likelemba. Bima si likelemba. Kwenye likelemba kila mtu atakula, leo au kesho. Kwenye bima wote tunachanga, anakula aliyepatwa. Ila kuna kitu kimoja ambacho kila mtu anakula, na yeye alikiacha mezani. Kusafishwa meno na kupigwa picha. Bima nyingi zinalipia hayo kila mwaka, hata kama huumwi. Hapo ndipo tundu dogo linapoonekana."

"Donc, bima yote ni muzuri?" Nshombo aliuliza.

"Hapana, siyo zote. Kuna inayokukata pesa nyingi halafu inalipa kidogo. Mtu aliyepewa hiyo bora ajiwekee akiba, aje kusafishwa kwa pesa yake. Nyingine inakuambia ungoje miezi kadhaa kabla ya kazi kubwa kama kutibu mzizi. Na karibu zote zina kikomo kwa mwaka. Kikipita, unalipa mwenyewe. Kwa hiyo muulizeni bosi inalipa nini, inaanza lini, inakoma wapi, na ni madaktari gani wanaoipokea."

Ijumaa asubuhi Esperance, shavu bado limevimba kidogo, alimuuliza bosi hayo yote. Alipata majibu. Kazi yao ilichangia sehemu ya malipo. Kliniki ya Generoza iliipokea bima hiyo. Watakachokatwa mwaka mzima, yeye na Nshombo, kilikaribiana na bei ya kuwasafisha na kuwapiga picha wote wawili. Na Nshombo, mla sukari yule, alikuwa na meno ya kutiliwa shaka. Esperance alichagua bima ya watu wawili, akawaacha watoto kwenye kadi yao.

Mwezi wa pili walikwenda kusafishwa. Esperance alishika tena mikono ya kile kiti, lakini alikaa. Nshombo, aliyekuwa akimcheka, ndiye aliyeomba maji mara tatu. Daktari alimkuta na tundu dogo mno. Likazibwa. Usiku ule ule Nshombo alikula bugali kwa pande zote mbili.

Kiangazi kilipofika, Zihindula alipiga simu kutoka Columbus.

"Bon, mudogo wangu, zamu yako umekula?"

"Sijakula, yaya, na sitaki kula. Hii likelemba, mutu anaomba Mungu zamu yake isifike."

Zihindula hakucheka. Esperance akasikiliza vizuri.

"Yaya, mbona unasema kama uko na kitu mu kinywa?"

"Haiko kitu. Ni jino tu."

Esperance alikaa chini. Alimwona shangazi yake, na beseni la yale maji ya uvuguvugu.

"Yaya, meza mate."

"Nini?"

"Meza mate, nasema! Yanapita?"

Ikaja sauti ndogo, isiyofanana na ya Zihindula. "Yanapita na taabu. Tangu asubuhi. Na shingo imevimba."

"Yaya, toka kwenye nyumba. Mwite jirani akupeleke hospitali sasa hivi, kwa dharura. Usingoje kesho."

"Na bili, Esperance?"

"Bili utasumbuana nayo ukiwa muzima! Toka! Miye sikati simu."

Hakukata. Alisikia mlango, akasikia jirani akihangaika na funguo, akasikia gari. Alibana simu sikioni mpaka aliposikia sauti ya muuguzi akimwita Zihindula kwa jina.

Siku mbili zilipita. Zihindula alipiga tena, sauti nzito, lakini yake.

"Mudogo wangu," alisema, "ile bima ya meno ya kazi. Banaandikishaka mwezi gani?"