Vumbi la Waridi

"Nyuki, mzigo usitoke Tunduma. Nipe dakika ishirini."

Ndivyo polisi Sadoki alivyosema kwenye redio ya Motorola. Kisha Makene, bosi wa magendo, akaiponda kwa kiatu.

Sasa mpelelezi Conjesta, yule Nyuki wa redioni, alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ghala la bati. Bastola yake Makarov ilikuwa kiunoni mwa Makene. Mlango mmoja. Kufuli kwa ndani. Dirisha hakuna.

Mbele yake, rundo la mahindi ya mbegu. Yote ya waridi. Hiyo rangi ni dawa ya kuulia wadudu, na mtu akila, ni sumu.

Makene akawasha kompresa. Upepo ukavuma kwenye mpira, vumbi likapaa, punje zikabaki nyeupe.

Mzazi angeyanunua hivyohivyo.

"Kesho yatakuwa jikoni shuleni," Makene akacheka. "Na wewe utakuwa kando ya Mto Momba, chini ya udongo."

Dakika kumi zikapita. Nusu ya rundo ilikuwa nyeupe. Likiisha lote, Sadoki atakuta mahindi tu, bila ushahidi.

Vumbi likamkaba Conjesta. Akakohoa. Vibarua waliokuwa wakigeuza rundo nao wakakohoa.

Hapo akapata wazo.

"Makene, si wewe ni wa Iyula?"

"Wa Iyula. Kwani?"

"Nani alikulea? Kule hata katoto ka miaka saba hakafagii uwanja bila kunyunyiza maji. Baba mzima unatulisha vumbi!"

Vibarua wakacheka huku wakikohoa. Makene uso ukamshuka.

"Bosi, dada anasema kweli," Boazi, kibarua mmoja, akasema. "Tutafia humu."

"Basi nyunyiza! Unafikiri sikufunzwa?"

Boazi akamwaga ndoo mbili juu ya rundo. Vumbi likatulia. Makene akafungua upepo tena.

Waridi haikuondoka.

Akaongeza nguvu. Wapi! Unga ulioloa ulikuwa umegandana na punje kama ukoko kwenye sufuria. Vilibanduka vibonge viwili vitatu tu, vikaanguka palepale.

"Kavu hupeperuka," Conjesta akasema. "Mbichi hushikana."

Makene akachomoa Makarov.

Puu! Mlango ukapigwa kutoka nje, kufuli likaruka.

"Polisi! Laleni chini!"

Makene alipokwisha kutiwa pingu, Sadoki alitazama ile nusu ya rundo iliyobaki ya waridi, kisha akamfungua mwenzake.

"Uko salama?"

"Nina njaa."

Nje, Mama Enesi alikuwa akiuza mahindi ya kuchemsha. Conjesta akachukua moja, akalowesha kidole gumba, akasugua punje. Akakitazama kidole.

Safi.

Akang'ata, akaenda zake.