Vijiguzo vya Roshani

Fundi Okiria alilala kifudifudi chini ya roshani ya ofisi mpya za serikali pale Malaba. Kisogo kilikuwa kimepondwa. Taji la nguzo, jiwe zito la urembo alilolimimina mwenyewe kwa saruji, lilikuwa limemlalia mgongoni.

Msimamizi wa ujenzi alisema ni ajali, jiwe limemwangukia. Inspekta Wilkista akachutama. Jiwe halikuwa na ufa wala mchubuko. Lingetoka juu, lingepasuka. Daktari wa polisi alikubaliana naye: marehemu alipigwa kichwani kwa chuma, tena na tena, jiwe likaviringishwa juu yake baadaye.

Kando ya maiti, vijiguzo vya ukingo wa roshani vilivyongoja kupachikwa vilikuwa vimevunjwavunjwa. Wilkista akaokota kipande. Ndani hamkuwa na nondo hata moja, saruji tupu. Muuaji alikuwa akitafuta hizo nondo za chuma.

Winny, muuza chai wa pale mjengoni, alisitasita kabla ya kusema. Mwaka jana, kule Burumba, ukingo wa roshani aliojenga Okiria kwenye zahanati ulibomoka ukaua msichana. Baba yake, Mukhtar, huendesha lori la mchanga. Asubuhi hiyo Winny alimwona akinawa kwenye ndoo, maji yakawa mekundu.

Mukhtar alikamatwa kwenye foleni ya malori mpakani. Chini ya kiti chake palikuwa na spana ya magurudumu, imegandiwa na damu na nywele. Hakupigana na polisi.

Kituoni, Wilkista aliiweka spana mezani.

"Ulimvizia?"

"Hapana, madam. Nilikuja kumwaga mchanga tu. Nikaona anaandaa vijiguzo kama vile vya Burumba. Nikamuuliza, mzee, nondo ziko wapi?"

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, boss, hii ni urembo tu, haibebi kitu."

"Alikujua?"

"Hakunijua. Hata mazishini hakuja." Akaitazama spana. "Binti yangu Raisa aliegemea huo urembo. Fundi alipogeuka, nikampiga. Akaanguka, nikazidi kumpiga. Kisha nikavunja vijiguzo, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vitupu."

Wilkista aliisogeza spana kando.

"Na jiwe? Kwa nini ulimwekea jiwe mgongoni?"

Mukhtar akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Ili muandike ajali, madam. Si ndivyo mlivyoandika kwa mtoto wangu?"