Siku Mbili za Pangani

Alhamisi hiyo stendi ya Tarime ilikuwa imejaa kiasi kwamba mtu akidondosha kitu hainami kukiokota. Basi la Musoma lilikuwa linapakia, basi la Mwanza linapiga honi, na wapiga debe wanamgombania mama mmoja mwenye magunia mawili ya vitunguu. Nyuma ya vurugu hiyo, baada ya wauza viatu vya mitumba, kulikuwa na chumba kidogo cha kuchapa barua na kutoa kopi. Mwenyewe aliitwa Gladys Adhiambo, Mjaluo wa Utegi, umri miaka ishirini na tisa, mama wa mtoto mmoja. Siku hiyo alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, na kalamu ameichomeka kwenye nywele alizosuka twende kilioni.

Aliyeingia alikuwa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na mabuti ya mpira. Vumbi la mawe lilikuwa limegoma kumtoka kwenye nyusi. Alisema anaitwa Joel Waitara na anataka kuchapiwa mkataba. Mwaka ule bei ya dhahabu ilikuwa imepanda sana, na rashi mpya, mbio za kukimbilia dhahabu, ilikuwa imelipuka kwenye kilima kimoja nyuma ya Mbalibali. Watu waliacha mashamba na maduka wakaenda kuchimba. Yeye na mwenzake, Kisyeri wa Kisaka, walikuwa wamepata duara lao huko, shimo la kuchimbia.

"Andika vizuri hapo pa kugawana," Joel alisema. "Nusu kwa nusu. Kisyeri ni mtu mzuri, sitaki tuje kugombana."

"Kama ni mtu mzuri, mkataba wa nini?"

"Ili abaki mzuri."

Gladys alicheka bila kutaka. Halafu umeme ukakatika, na Joel akakaa kwenye benchi kuungojea kwa saa moja na nusu. Umeme uliporudi Gladys alikuwa ameshajua kwamba jamaa alipita JKT Tanga, kwamba hana mke, na kwamba anapenda chai yenye tangawizi nyingi. Joel naye alikuwa ameshaipata namba yake ya simu, ingawa namba hiyo ilikuwa imeandikwa mlangoni kwa maandishi makubwa.

Akawa anapiga kila jioni. Kilimani mtandao ulishika sehemu moja tu, juu ya jiwe, na Gladys alikuwa akisikia upepo kabla hajasikia sauti. Joel alimwita mama Abonyo kwa heshima wiki ya kwanza, mpenzi wiki ya pili. Gladys alimwambia asijizoeshe. Wiki ya tatu akamuuliza mbona amechelewa kupiga.

Abonyo, binti yake wa miaka saba, hakumjua baba yake. Mwanamume yule alivuka Sirari kwenda Migori kutafuta kazi, akanyamaza huko huko. Kwa hiyo Joel alipoanza kuja Jumapili, mtoto alimchukua kama mtu anayechukua kiti chake. Jumapili moja alimsomea kwenye kitabu cha shule kwamba maji ya bahari yana chumvi, akataka kujua nani aliitia. Joel akakiri kwamba bahari yenyewe aliiona mara moja tu, akiwa nyuma ya lori la JKT, na lori halikusimama.

"Basi twende tukaulize wenyewe," alimwambia mtoto. "Mwezi wa kumi na mbili, shule zikifungwa."

Gladys hakuwa mtu wa ahadi za hewani. Kesho yake aliwasha kompyuta, akafungua jedwali, akaanza kuandika. Nauli ya basi mpaka Dar, nyingine mpaka Tanga, nyingine mpaka Pangani. Nyumba ya wageni ya mama mmoja ambaye namba yake aliipata kwa abiria, siku tano. Chakula. Nguo za kuogelea za mtoto. Dawa ya kichefuchefu. Jumla milioni moja na laki mbili, yeye atoe laki tano, Joel laki saba. Alimwonyesha Joel karatasi, na Joel akaisoma akifuata kwa kidole.

"Hapa umeandika dharura, elfu sitini. Dharura gani?"

"Wewe."

"Basi ongeza. Elfu sitini hainitoshi."

Miezi mitatu walijibana. Gladys aliacha kununua soda ya mchana, Joel aliacha sigara, akawa mkali kidogo na mwili ukamjaa. Karatasi ilibandikwa ukutani juu ya kitanda cha Abonyo, na kila pesa ilipoingia mtoto ndiye aliyepaka rangi kisanduku. Mwishoni mwa Oktoba Gladys alituma laki mbili Pangani, malipo ya awali. Joel alikuwa na laki nne, zilizobaki angezitoa kwenye mawe ambayo yalikuwa bado hayajasagwa.

Hapo ndipo Gladys alipomwangalia mama yake. Mama alikuwa amekaa uani anachambua dagaa, mguu mmoja amenyoosha kwa sababu ya goti. Maisha yake yote hakufika mbali kuliko Mwanza, na huko alikwenda hospitali. Gladys alipiga simu kilimani mchana ule ule.

"Joel, nataka mama naye aje. Na kwa sababu ya mguu wake siku tano ni chache, atakuwa bado hajapumzika safari tunaanza kurudi. Tuweke saba."

Upepo ulivuma kwenye simu. "Inaongezeka shilingi ngapi?"

"Kama laki nne. Kama haiwezekani sema tu, sitanuna."

"Utanuna," Joel alisema, na alikuwa anacheka. "Sawa mpenzi. Mama aje. Nipe siku kumi."

Siku kumi zikapita, zikaja nyingine. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza kwa nguvu. Joel alipiga mara moja akasema duara limeharibika, sauti yake imekauka, akasema atakuja. Hakuja. Simu yake ikawa inaita bila kupokelewa, au haipatikani. Jumapili mbili Abonyo alikaa mlangoni na viatu vyake vya kanisani mpaka alipoitwa kula.

Jirani yao Winfrida alikuwa akizunguka minada ya Serengeti kuuza nguo za mitumba. Alirudi kutoka Kisaka akiwa na habari ambazo hakujua azishike vipi. Akasema amemwona Joel nyumbani kwa mwanamke mmoja kijana, anatengeneza zizi, na mtoto mchanga yuko mgongoni kwa Joel amefungwa kwa kanga. Winfrida alisema labda ni dada yake. Gladys alijua Joel hana dada.

Alipiga simu. Safari hii ilipokelewa, na aliyepokea ni mwanamke.

"Yuko shambani anapanda," sauti ilisema kwa upole. "Nimwambie nani amepiga?"

Gladys alikata. Alikaa mbele ya kompyuta yake, na mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti alilazimika kumsalimia mara tatu.

Siku ya mnada uliofuata aliomba kwenda na Winfrida. Alivaa gauni lake la kijani la harusi za watu, akapaka mafuta ya kung'aa mdomoni, akavaa hereni. Alitaka mwanamke huyo amwone vizuri. Njiani alipanga maneno, akayapanga tena, na walipofika Kisaka alikuwa nayo yote mdomoni, makali.

Mji alioelekezwa ulikuwa na nyumba mbili za bati na zizi ambalo upande mmoja ulikuwa na miti mipya. Mwanamke alikuwa ameketi kizingitini anachagua mbegu za mahindi kwenye ungo. Alikuwa na kitambaa cheusi kichwani. Pembeni ya nyumba, chini ya udongo mwekundu uliokuwa haujashuka, kulikuwa na kaburi.

Mwanamke aliinuka, akamletea kigoda. "Karibu dada. Pole na safari. Wengi wenu mnapata habari mmechelewa."

Maneno yote ya Gladys yaliisha. Alikaa. Mwanamke, jina lake Wegesa, alimpa maji ya kunywa na kumweleza kama alivyokwisha kuwaeleza wengine. Mume wake Kisyeri alifukiwa na duara Novemba tarehe mbili. Maji yalikuwa yameanza kuingia, na Kisyeri mwenyewe alitaka wangoje wiki mbili likauke, watie magogo upya. Joel akasema hawezi kungoja. Wakashuka kwa zamu. Ilikuwa zamu ya Kisyeri, Joel yuko juu ameshika kamba. Ukuta ukaanguka, Joel akavuta, kamba ikaja nyepesi.

"Amekuwa mtu mwema kwetu," Wegesa alisema. "Pesa yote ya mawe ameniletea, hata yake. Ananilimia. Leo amekwenda Mugumu kununua saruji ya kaburi. Lakini mimi namuuliza Mungu jambo moja. Joel ana mwanamke Tarime. Walikuwa wanakusanya pesa waende kuogelea baharini. Ndiyo haraka yake ilikuwa hiyo."

Gladys aliangalia hereni zake kwenye kivuli chake chini, zinacheza. Alitoa noti ya elfu kumi, akaiweka kwenye mkono wa Wegesa kama rambirambi, akasema anaitwa Gladys, akaondoka kabla hajaulizwa ametoka wapi. Kwenye gari la kurudi alivua hereni. Winfrida alimuuliza kama ni kweli, na Gladys akamjibu kwamba ni mjane.

Siku tatu baadaye Joel aliingia stendi, akaja mpaka mlangoni kwake akasimama. Alikuwa amekonda. Shati lile jeupe halikupigwa pasi. Wegesa alikuwa amemtajia mgeni aliyekuja na gauni la kijani.

Gladys alifunga mlango, akageuza kibao cha nje kionyeshe kwamba amefunga.

"Nilidhani umepata mwanamke," alisema.

"Bora ungeendelea kudhani."

"Mbona hukuniambia, Joel?"

Joel alikaa kwenye benchi, ile ile. "Ningeanzia wapi? Kwa zile siku tano nilikuwa na mawe ya kutosha yako juu. Nilishahesabu. Tungengoja likauke. Ulipopiga simu, yalikuwa hayatoshi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ungeuliza kwa nini tulishuka, na mimi sijui kukudanganya. Nikaona ni afadhali nisikuone."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni mimi. Ningesema haiwezekani, ungesema tu sawa, usingenuna. Nilitaka kuonekana mwanamume mbele ya mama yako."

Gladys alilia wakati huo, kwa mara ya kwanza tangu Kisaka, bila sauti, kwa kuwa ng'ambo ya ukuta wauza viatu walikuwa wanasikia kila kitu. Joel hakumgusa mpaka yeye mwenyewe alipomshika mkono. Mkono ulikuwa na kovu jipya la kamba, limekatiza kiganja kizima.

Jioni hiyo Gladys alipiga simu Pangani. Mwenye nyumba alisikiliza, akasema kwa kawaida malipo ya awali hayarudi, kisha akarudisha laki na nusu. Kumweleza Abonyo kulikuwa kugumu zaidi. Mtoto aliuliza kama bahari imefungwa. Gladys akamwambia hapana, mtu amekufa, na pesa inakwenda kwa watoto wake. Abonyo alitafakari, akauliza watoto hao ni wangapi. Watatu, Gladys akasema. Mtoto alipanda kitandani, akabandua karatasi ukutani mwenyewe.

Jumamosi Gladys na Joel walikwenda Kisaka pamoja. Gladys alivaa sketi nyeusi na kujifunga kanga. Joel alitaka aseme yeye, Gladys akakataa. Wegesa aliwaona wakija wawili, na kabla hawajakaa uso wake ulishabadilika.

"Dada Wegesa," Gladys alisema, "yule mwanamke wa Tarime ni mimi. Siku ile sikuweza kusema. Pesa tulizokuwa tumeweka ni hizi."

Alimpa bahasha: ile laki na nusu, na laki tatu zake zilizokuwa zimebaki; za Joel zilikuwa zimeshafika kwa Wegesa. Wegesa hakuipokea. Mtoto mchanga alikuwa ananyonya, akamhamishia upande wa pili taratibu.

"Mngekaa huko siku ngapi?"

"Saba."

"Joel alisema tano. Alimwambia Kisyeri tano, tangu zamani."

"Zilikuwa tano. Nikamwongeza mama yangu."

Wegesa aliitikia kwa kichwa. "Siku mbili," alisema, si kwa mtu yeyote. Kuku walipita kati yao wakidonoa. Ndipo alipopokea bahasha na kuitia chini ya ungo bila kuifungua.

"Mtoto mkubwa anadaiwa sare ya shule," alisema. "Nitaichukua, sina ujanja wa kuikataa. Joel, mvua ikipungua uje umalizie zizi. Wewe dada usije tena. Sikuchukii, na sikusemi kwa watu. Ila nikikuona nitaanza kuhesabu, na mimi nina watoto wa kulea."

"Nimesikia, dada," Gladys alisema.

Walitembea mpaka barabarani. Mashamba pande zote mbili yalikuwa yameshachipua, na wingu la mvua lilikuwa limekaa upande wa Mbalibali. Walingoja usafiri wamesimama wameachana kidogo kama watu wasiofahamiana.

"Nilikuwa nimepanga kukuuliza huko Pangani," Joel alisema mwishoni. "Kama utakubali nikuoe."

"Niulize hapa."

"Hapa siwezi."

"Hapa ndipo utaniuliza, Joel. Tukiondoka bila kuuliza hutauliza tena, na mimi sitakuja kukutafuta."

Akamuuliza. Gladys aliangalia nyuma, njia waliyotoka, ambako moshi wa jiko la Wegesa ulikuwa unapanda nyuma ya miti. Akasema ndiyo.

Walifunga ndoa Desemba, kanisani, katika wiki ile ile ambayo wangekuwa baharini. Hakukuwa na ngoma. Joel aliacha uchimbaji, akapata kazi ya kupima nafaka kwa mfanyabiashara mmoja sokoni, na vumbi la mawe likamtoka kwenye nyusi. Kila msimu alikwenda Kisaka siku tatu, nne, kulima na kupalilia, na alikwenda peke yake. Gladys alimfungia sukari na sabuni za kupeleka, akamsindikiza mpaka stendi, akabaki amesimama mpaka gari lilipokunja kona. Akirudi jioni za siku zile, Joel alinawa, akala, akakaa na Abonyo kwenye hesabu zake za shule. Gladys hakumuuliza Joel hali ya Wegesa. Alimwangalia usoni, akajua, akaenda kumtengea maji ya kuoga.