Punda wa Baba

Kila siku nikitoka shuleni, kabla sijavua sare, mimi hupitia kwenye kibanda cha maziwa cha Baba. Kibanda chenyewe kiko hapa Kaptembwo, mjini Nakuru, karibu na duka la kushonea viatu. Mimi husuuza vikombe, hupanguza meza, kisha huangalia kama kuna andazi lililobaki. Baba hujifanya hajui ninatafuta nini. "Huyo panya wa sare ya kijani amefika," huwaambia wateja, nao hucheka.

Baba anaitwa Kibii. Alizaliwa Keringet, akaja Nakuru akiwa kijana, na maneno ya Kiswahili aliyajua baada ya Kikalenjin kumjaa mdomoni. Kwa hivyo herufi *b* kwake mara nyingi hutoka kama *p*, na *d* hutoka kama *t*. Kitabu ni "kitapu", dada ni "tata". Mimi nimezaliwa nikisikia hivyo, na kusema kweli sikuwahi kuona tatizo lolote. Maziwa ni maziwa, hata yakiuzwa na mtu anayesema "papa" akimaanisha baba.

Muhula mmoja Mama alikuwa Olenguruone akimuuguza nyanya, kwa hivyo tulikuwa wawili tu nyumbani. Maziwa ya jioni hufika saa kumi na moja. Kati ya saa kumi na saa hiyo wateja huwa wachache, nasi tulikuwa tukikaa tu tukipiga gumzo. Halafu Madam Naliaka, mwalimu wetu wa Kiswahili wa Gredi ya Sita, akatuletea mchezo.

Ulikuwa mchezo wa simu unaoitwa Mkokoteni wa Hadithi. Kwenye kioo unaona kitabu, na chini yake mkokoteni unaovutwa na punda wawili. Punda mmoja ni wa mtoto na mwingine ni wa mzazi. Mtoto anasoma ukurasa mmoja kwa sauti, mzazi anasoma unaofuata. Ukisoma vizuri, punda wako anatembea na picha zinachezacheza. Ukisoma vibaya, punda wako anakaa chini, na mwanamke mwenye sauti tamu anasema, "Jaribu tena!"

"Mchezo huu si wa mtoto kujifungia nao chumbani," Madam alisisitiza. "Ni wa kukaa na mzazi. Familia ya kwanza kumaliza hadithi ishirini itasoma mbele ya wazazi wote Siku ya Wazazi."

Alibandika karatasi ukutani yenye majina yetu yote, na kila Ijumaa alikuwa akiandika idadi ya hadithi ambazo kila familia ilikuwa imemaliza. Mimi nilitaka kuwa wa kwanza. Sitaki kuwadanganya, nilitaka sana.

Siku ya kwanza Baba alifurahi kuliko mimi. Alifuta mikono, akaiegemeza simu kwenye mtungi, akavuta kigoda. "Haya, mama," akaniambia, "tuone punda wa nani ana nguvu."

Nilisoma ukurasa wangu, punda wangu akaenda. Baba akasafisha koo. Ukurasa wake ulikuwa na sentensi fupi tu: *Bibi alinunua bata.*

"Pipi alinunua pata," Baba akasoma.

Weee! Picha ya bibi ikatoweka. Mahali pake ikatokea pipi kubwa ya kijiti, yenye miguu miwili, ikatembea sokoni ikibeba kikapu. Punda wa Baba akakaa chini tuli! "Jaribu tena!" mwanamke akasema.

Baba alicheka, nami nikacheka. Akajaribu tena. Pipi ikarudi. Akajaribu polepole, akajaribu kwa haraka, akajaribu huku akiishika midomo yake kwa vidole. Punda akaendelea kukaa. Kufikia mara ya sita mimi nilikuwa nimelalia meza kwa kicheko, machozi yakinitoka.

"Baba, si pipi! Ni bibi! Aki wewe!"

Nilipoinua kichwa, niliona kwamba Baba hakuwa anacheka tena. Alikuwa akikitazama kile kioo kama mtu anayetazama mlango aliofungiwa. Nami, badala ya kuuliza, nikafikiria karatasi iliyo ukutani darasani.

"Baba, wewe pumzika," nikasema. "Nitasoma mimi."

"Sawa," akajibu. Akainuka, akaenda kuosha mitungi ambayo ilikuwa imeoshwa tayari.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba simu haijui ni nani anayesoma. Nilisoma ukurasa wangu kwa sauti yangu, kisha nikaiteremsha sauti iwe nzito na kusoma ukurasa wa Baba. Punda wake akasimama, akatembea vizuri kabisa. Nyota tano! Kesho yake nikafanya vivyo hivyo, na kesho kutwa pia. Kila saa kumi nilikaa na simu pembeni, na Baba alipata kazi ya kufanya mahali pengine. Mara anapanga vikombe, mara anafagia nje. Hakuniuliza chochote kuhusu mchezo. Gumzo letu nalo likaisha, lakini nilikuwa na shughuli nyingi kiasi kwamba sikuona.

Darasani mambo yalikuwa moto. Bravin Wasike, anayekaa nyuma yangu, alikuwa akisoma na nyanya yake.

"Sisi tuko kumi na mbili," alijigamba Ijumaa moja. "Nyinyi je?"

"Kumi na sita."

"Wacha! Babako anasoma namna gani haraka hivyo?"

"Anajua tu," nikasema. Shavu lilinichoma kidogo, lakini likapoa.

Wiki iliyofuata nilimaliza ishirini. Nilidhani Madam angetangaza darasani, nipigiwe makofi, basi. Sikujua kwamba jioni hiyohiyo angepitia kwenye kibanda chetu kununua maziwa.

"Baba Jepkemei, hongera!" alisema hata kabla ya kuweka chupa yake mezani. "Hadithi ishirini! Na kurasa zako zote nyota tano! Kwa kweli nimefurahi. Wazazi wengine wanasema hawana wakati. Siku ya Wazazi utatusomea moja, wewe na binti yako, mbele ya watu wote."

Nilikuwa nimeshika kikombe chenye sabuni. Kilinitoka mkononi, bahati nzuri ni cha plastiki.

Baba alinitazama. Angeweza kusema, "Mwalimu, mimi sijasoma hata moja." Angeweza pia kusema "Asante" na tukabeba uongo huo wote wawili. Alimimina maziwa kwenye chupa ya Madam hadi yakafika shingoni, akafunga kifuniko, kisha akasema, "Mwalimu, nipe nafasi nizungumze na msichana wangu kwanza. Kesho atakuja kwako."

Madam alipoondoka, niliomba ardhi ipasuke. Haikupasuka. Baba akavuta vigoda viwili.

"Nani amesoma kurasa zangu, Jep?"

"Ni mimi, Baba."

"Kwa sauti gani?"

Nikamwonyesha ile sauti nzito. Nilidhani atacheka, maana ni kweli ilikuwa sauti ya kuchekesha. Hakucheka.

"Unaniigiza vizuri," akasema. "Lakini huyo si mimi. Mimi nasema pipi."

"Nilitaka tushinde, Baba. Punda wako alikuwa anakaa tu. Nilikuwa nakusaidia."

"Hukunisaidia, mama. Uliniondoa."

Akaanza kukunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu alimwita asome mbele ya wenzake. Alisoma kwa ulimi wake uleule. Darasa zima lilicheka, na mwalimu naye akacheka. Tangu siku hiyo hadi mchezo ulipokuja, Baba hakuwa amesoma kitu chochote kwa sauti mbele ya mtu. Barua anasoma kimya. Biblia anasoma kimya.

"Ulipoleta mchezo," akasema, "nilijiambia, huyu ni Jep wangu, mbele yake naweza. Halafu ukacheka. Sikukasirika, hata mimi ile pipi ilinichekesha. Lakini uliponiambia nipumzike, nilisema moyoni, basi, kumbe hata nyumbani."

Nililia. Si kile kilio cha kuogopa kuadhibiwa, ambacho mtu hulia jicho moja likichungulia. Nililia kwa sababu nilimpenda Baba, na ni mimi niliyemfanya aoshe mitungi misafi wiki tatu nzima, naye hakusema neno.

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Lakini kwa Madam utaenda. Na utaenda peke yako, kwa sababu ulipodanganya ulikuwa peke yako."

Asubuhi nilimweleza Madam Naliaka kila kitu. Hakunifokea. Alifungua kompyuta yake, akafuta nyota zetu zote, na kwenye karatasi ya ukutani akakata ile ishirini na kuandika sifuri. Bravin alipoiona alishtuka.

"Haiya! Kumetokea nini?"

"Nilidanganya," nikamwambia. "Nilikuwa nasoma kurasa za Baba."

Darasa lote lilisikia. Nafasi ya kusoma Siku ya Wazazi ikaenda kwa familia ya Bravin, nao walikuwa wameistahili.

Jioni hiyo, saa kumi, nilivuta vigoda viwili mwenyewe. Baba aliniangalia, akaiangalia simu. Akakaa. Tulianza hadithi ya kwanza kabisa, na punda wake akakaa chini kama kawaida yake. Safari hii sikucheka peke yangu na sikumwambia apumzike. Nilimwonyesha jinsi midomo inavyokutana na koo linavyonguruma kidogo kwenye *b*. Baba akanguruma hadi fundi wa viatu akachungulia kuuliza kama kuna ng'ombe humo. Siku nyingine tulimaliza kurasa mbili tu. Siku nyingine Baba aliizima ile sauti ya mwanamke, tukasoma bila punda na bila nyota, na hizo zilikuwa jioni nilizozipenda zaidi. Alinisimulia mambo ambayo hayakuwa kitabuni, kuhusu ndama wake wa Keringet na baridi ya huko. Nilikuwa nimesahau kwamba Baba ana hadithi.

Siku ya Wazazi ikafika. Hema lilijaa. Bravin na nyanya yake walisoma, na nyanya alisoma kwa madaha mpaka wazazi wakasimama kumpigia makofi. Kisha Madam akauliza kama kuna mzazi mwenye la kusema kuhusu michezo hii ya simu, maana wengine walikuwa wakilalamika.

Kiti cha nyuma kikalia. Baba alikuwa amesimama.

Watu zaidi ya mia mbili! Aliivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi ni Kibii, muuza maziwa," akaanza. "Papa Jepkemei."

Kuna mtu aliyecheka upande wa kushoto. Baba alimsikia. Mimi nilimwona akimsikia. Nilisimama pale nilipokuwa, katikati ya wanafunzi walioketi, ili akitazama anione. Akaniona, akaendelea.

"Kuna wazazi wanaosema simu inaharipu watoto. Wengine wanampa mtoto simu ili anyamaze, wao waendelee na kazi. Mimi nimecheza mchezo huu, na nimeona hivi. Simu inamwambia kila mtu 'jaribu tena'. Haijui ni nani amechoka na ni nani ameumia. Anayejua ni yule mnayekaa naye. Kwa hivyo usimwachie mtoto mchezo ukaondoka. Kaa hapo. Ukishindwa, shindwa mbele yake, akuone ukijaribu."

Akaigeuza kofia mkononi.

"Hapo awali, jina letu liliandikiwa hadithi ishirini. Haikuwa kweli. Tulikosea, tukaomba msamaha, tukarudi mwanzo. Sasa tuko nne. Hizo nne ni zetu kapisa."

Makofi yalianza kwa nyanya ya Bravin, yakaenea hema zima. Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa bado nimesimama, nikilisikia lile neno. Darasa zima lilijua ni nani aliyedanganya. Baba angeweza kusema *alikosea*, na hakuna ambaye angemlaumu. Alisema *tulikosea*.

Tulipokuwa tukitembea kurudi nyumbani nilimuuliza. "Baba, mbona ulisema tulikosea? Ni mimi."

"Wewe ulidanganya, hilo ni lako, na ulilimaliza mwenyewe kwa Madam," akasema. "Lakini mimi niliona nimeumia, nikanyamaza, nikakuacha na simu wiki tatu. Hilo ni langu. Sikiliza, Jep. Ushindi wa uongo unakuacha peke yako, hata ukipigiwa makofi. Ukiona mwenzako anashindwa, usifanye kazi yake ukaandika jina lake. Kaa naye mpaka aweze. Na ukikosea, sema mapema, kabla hujafika mbali."

"Nimesikia, Baba."

"Haya. Leo ni ya tano, sivyo?"

"Ni ya tano," nikasema, nikamshika mkono. "Na ukurasa wa kwanza ni wako."