Nyoka Wekundu wa Penina

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Penina alichemsha maji, akajaza chupa na kuzipanga kwenye masanduku ya nyoka. Baridi ya Karatu haina huruma, na nyoka akipoa hata kula hali. Kazi hiyo ilikuwa imemchosha mno. Shangazi Leonida, aliyefuga nyoka wasio na sumu ili watalii waendao Ngorongoro waje kuwatazama, alichoka vilevile, ila hakusema.

Karibu nyoka wote walikuwa wa kahawia. Dume mmoja na jike mmoja tu, walioanguliwa pamoja, walikuwa wekundu, na watalii waliwaulizia hao hao. Wekundu wakiongezeka, watalii nao wangeongezeka, na fedha za kumlipa msaidizi zingepatikana.

"Huyu jike tutamweka na dume wa kahawia niliyemleta kutoka Oldeani," alisema Shangazi. "Watoto hawatakuwa wekundu, lakini rangi itajificha ndani yao. Itaonekana kwa wajukuu."

Wajukuu! Penina alifikiria miaka yote hiyo ya kuchemsha maji, akakata tamaa. Shangazi alipokwenda mnadani, Penina alimtia jike kwenye sanduku la dume mwekundu. Baadaye alipoulizwa, alijibu bila kupepesa macho, "Nimemweka na yule wa Oldeani."

Mayai yalipoanguliwa, watoto wote walitoka wekundu.

"Kumbe dume wa Oldeani naye ameficha wekundu!" Shangazi alishangilia.

Furaha haikudumu. Baadhi ya watoto walikuwa na migongo iliyopinda, wakashindwa kumeza hata kipanya kidogo. Mmoja mmoja wakafa.

"Damu ya dume huyu ni mbovu," Shangazi alisema kwa unyonge, akichukua kapu. "Namrudisha Oldeani leo."

Penina alimtazama yule dume, mzima kabisa, akitiwa kapuni. Moyo ukamuuma.

"Shangazi, nisamehe. Si yeye. Niliwaweka wale wekundu wawili."

Shangazi aliketi polepole juu ya ndoo. Penina akaanza kulia.

"Kijana wa kwetu akileta mchumba, wazee huuliza nini kwanza?" Shangazi aliuliza.

"Ukoo wake."

"Kwa nini?"

"Ndugu wasije wakaoana."

"Wewe uliangalia rangi tu. Wale ni ndugu. Wekundu uliojificha kwa wazazi wao ulikutana, ukatoka. Ubovu uliojificha nao umekutana hivyo hivyo."

Msimu uliofuata, baada ya jike kupumzika na kunenepa, walimweka na dume wa Oldeani. Watoto walitoka kahawia watupu, migongo imenyooka, wakala kwa pupa. Penina aliwatazama, akapiga miayo, akatabasamu.

"Wekundu tutaungoja, mpaka tuwapatie hawa wenza wenye rangi hiyo wa ukoo mwingine," Shangazi alisema. "Kuchoka si kosa, mwanangu. Ukichoka niambie, tutasaidiana. Lakini usinidanganye tena. Kwa uwongo wako, nusura nimfukuze asiye na kosa, nibaki nikizalisha ugonjwa kwa mikono yangu mwenyewe."