Hesabu ya Waliomo

Jua lilikuwa linazama muuguzi alipoichomoa simu ya zahanati kwenye chaji. Kazi ya kila jioni: kumwonyesha daktari wagonjwa kwa video. Ila leo aliyelala kitandani alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Amejifungua salama, lakini damu haikatiki.

"Dada, mbona umenuna? Aliyezaa ni mimi."

"Nyamaza, bakiza pumzi."

Akaiegemeza simu kwenye mizani ya watoto. Daktari wa hospitali kuu, mwendo wa saa sita kwa gari, akatokea kwenye kioo cha simu. Tangu mpita njia alipojipenyeza chumbani na kumpiga picha mgonjwa, utaratibu wake haukupindika: hatoi agizo mpaka hesabu ya waliomo chumbani ilingane pande zote mbili.

"Mko wangapi?"

"Wanne. Mimi, mgonjwa, mama yetu, na kichanga alichopakata."

Daktari akahesabu kwa kidole.

"Mimi naona watano."

Muuguzi akageuka. Ukuta... ndoo... pazia limetulia tuli.

"Yule bibi aliyeshika miguu ya mgonjwa. Atoke, au umhesabu."

Harufu ya udongo mbichi ikapanda, kama kaburi limechimbwa sasa hivi. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi miwili.

Mama akamfinya mkono. "Usimhesabu, mwanangu," alinong'ona. "Asiyehesabiwa huondoka."

Damu ilidondoka sakafuni.

Tone... tone... tone...

"Muuguzi! Hesabu!"

"Watano."

Alitamka kama anayesoma orodha ya dawa.

Ndipo daktari akaagiza. Sindano pajani. Sugua tumbo, kandamiza, usiachie. Baada ya robo saa damu ikakatika. Mdogo wake akasinzia, anapumua. Kwenye vifundo vya miguu yake palikuwa na alama za vidole, baridi ukizigusa.

"Mshukuru yule bibi," daktari alisema. "Hakuachia hata mara moja."

Muuguzi akapiga deki. Hakulia, wala hakuogopa. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Siku ya nane walikuwa nyumbani. Mtoto ananyonya, mdogo wake anatania kama zamani. Mama alipakua chakula bila kumtazama mtu. Walaji walikuwa watatu.

Akaweka sahani nne.

"Mama, hiyo ya nani?" mdogo wake aliuliza.

"Muulize dada yako. Yeye ndiye aliyehesabu."

Harufu ya udongo mbichi ikaingia mlangoni.

Muuguzi akasogea kidogo kwenye benchi, akampisha.